Jina Lililochafuka kwa Deni na Namna ya Kulisafisha

Hapana swali linaloletwa kwetu mara nyingi kutoka Rwamgasa, Nyarugusu, Katoro na machimbo mengine ya mkoa wa Geita kuliko hili: mtu amekwenda benki kuomba mkopo wa kununulia pampu au karasha, amepeleka leseni yake, kitambulisho chake na jina la mdhamini wake, na baada ya kungoja siku kadhaa amejibiwa kwa adabu kwamba ombi lake halikukubaliwa, kwa kuwa mahali pengine jina lake lina deni lisilolipwa. Wengine huambiwa kwamba deni lenyewe ni la shilingi elfu arobaini za mkopo wa simu, ambalo walilisahau tangu walipoitupa laini; wengine huapa kwamba hawakukopa kabisa; na wengine wanalijua deni lao, wamekwisha kulilipa, wala hawafahamu kwa nini lingali linawafungia mlango.

Jibu letu kwa wote ni moja: kulipa deni ni kazi moja, na kusafisha jina ni kazi ya pili. Mtu aliyeitimiza ile ya kwanza, akadhani kwamba ya pili itajitimiza yenyewe, aghalabu hurudi benki mwaka wa pili akajibiwa kama alivyojibiwa mwaka wa kwanza. Kazi hizi mbili huunganishwa na kitu kimoja ambacho watu wa machimbo hatuna mazoea ya kukitunza, nacho ni karatasi.

Jina lako limeandikwa wapi?

Kwa mujibu wa Sheria ya Benki Kuu ya Tanzania ya mwaka 2006, na kanuni zilizotungwa chini yake mwaka 2012, Benki Kuu inayo kanzidata ya taarifa za wakopaji, na benki na taasisi za fedha zinalazimika kupeleka humo habari za mikopo zinayoitoa: nani amekopa, kiasi gani, amelipa vipi, na amekawia siku ngapi. Zipo pia kampuni zilizopewa leseni na Benki Kuu kuzikusanya habari hizo na kuwatolea ripoti wakopeshaji, nazo ni Creditinfo Tanzania na Dun & Bradstreet, zote zenye makao yao Dar es Salaam. Huko ndiko watu wanakokusudia wasemapo kwamba fulani "ameingia CRB".

Kabla ya kuendelea, ondoa dhana tatu ambazo zimewapotosha wengi:

- Kampuni hizo hazikukopeshi wala hazikunyimi mkopo. Kazi yao ni kutoa ripoti, na mwenye kuamua ni benki uliyoiomba; kwa hiyo benki moja yaweza kukukataa na nyingine ikakukubali kwa ripoti ile ile.
- Hapana orodha ya waovu iliyotengwa peke yake. Kila aliyekopa kwa njia rasmi analo faili, awe amelipa kwa wakati au amekawia, na faili jema ni ushahidi wako kama vile lililo baya lilivyo ushahidi dhidi yako.
- Faili humfuata mtu, halifuati laini ya simu. Laini husajiliwa kwa namba ya NIDA na alama za vidole, na mkopo uliochukuliwa kwa laini hiyo hubaki kwa mwenye namba hata kama kadi yenyewe aliivunja akaitupa shimoni.

Ni deni gani linaloandikwa?

Watu huuliza kama ankara ya maji, deni la duka au mchango wa kikundi nao huingia katika faili. Si kila deni lina njia moja, basi yapange hivi:

1. *Mkopo wa benki.* Huu huandikwa bila shaka, na ukikawia kupita siku 90 huhesabiwa kuwa chechefu, jina ambalo hakuna afisa mikopo apendaye kuliona katika ripoti ya mwombaji.
2. *Mkopo wa simu.* M-Pawa, Timiza, Songesha na mfano wake huonekana kama jambo la mtandao wa simu tu, walakini nyuma ya kila mmoja ipo benki au taasisi yenye leseni. Udogo wa deni haulifichi.
3. *Mkopo wa kampuni ndogo au mtu binafsi mwenye leseni.* Hawa ni watoa huduma wa daraja la pili chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Nao wamo chini ya usimamizi wa Benki Kuu, kwa hiyo usiwahesabu kuwa watu wa mtaani tu.
4. *SACCOS na vikundi vya VICOBA.* Mara nyingi habari za kikundi hubaki kikundini, lakini benki ikiomba barua ya kiongozi wa kikundi chako, habari zako zitatangulia kufika.
5. *Ankara ya maji na vitu vya mali kauli.* Hapa adhabu ya kwanza ni kukatiwa huduma au kunyimwa bidhaa, na ya pili ni shauri mahakamani. Lipa mapema, kwa sababu hukumu ya mahakama ni karatasi ambayo mkopeshaji yeyote aweza kuisoma.
6. *Mkopo wa "kausha damu" usio na leseni.* Mkopeshaji wa namna hii hutishia kwamba atakuingiza CRB, ilhali asiye na leseni hana njia halali ya kufanya hivyo. Kitisho chake kisikutoe akili, ingawa fedha uliyoipokea kwake bado ina haki yake.

Hatua ya kwanza: iombe ripoti yako

Usianze kugombana na afisa mikopo kwa habari aliyokupa kwa mdomo. Anza kwa kuyaona maandishi kwa macho yako, maana una haki ya kuiona habari iliyoandikwa juu yako, na haki hiyo imekaziwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, ambayo inampa mtu ruhusa ya kuuliza ni habari gani zake zinazoshikwa na ya kutaka zilizo za uongo zisahihishwe.

Fanya kwa utaratibu huu:

1. Iulize benki iliyokukataa mambo mawili, na uombe uyapate kwa maandishi ikiwezekana: deni lilionekana kwa mkopeshaji gani, na ripoti ilitoka kampuni ipi.
2. Iandikie kampuni hiyo kuomba ripoti yako, ukiambatisha nakala ya kitambulisho cha taifa na namba ya simu unayoitumia sasa. Kama kuna ada, uliza kwanza, na ulipe kwa njia ya kampuni yenyewe wala si kwa mtu wa kati.
3. Piga *106# ukahakiki laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Katika machimbo, ambako watu huja na kuondoka kila dhahabu inaposikika mahali pengine, ni jambo la kawaida mtu kumsajilia mwenziwe laini kwa hisani, na mwenziwe akakopa kwayo kisha akahamia Chunya.
4. Kusanya karatasi zako zote za mkopo, hata zilizochanika, pamoja na taarifa ya miamala ya simu ya kipindi ulichokuwa ukilipa.

Isome ripoti kwa jicho la mhasibu

Ripoti ikifika, wengi huangalia neno moja tu, yaani kama wamo au hawamo, kisha huikunja. Hilo ni taksiri kubwa, kwa sababu taabu nyingi zimejificha katika mambo madogo. Kagua yafuatayo moja baada ya jingine:

- Majina yako yote matatu na namba ya NIDA. Wako watu wengi wa majina yanayofanana katika kanda hii, na herufi moja yaweza kukutwika mzigo wa mwingine.
- Jina la mkopeshaji. Huenda hulitambui kwa sababu mkopo uliouchukua kwa jina la huduma ya simu umeandikwa kwa jina la benki iliyoutoa.
- Kiasi cha asili, kiasi kilichobaki, na siku za kukawia.
- Tarehe ya habari. Deni ulilolimaliza mwezi Machi likionyeshwa katika habari za Februari si kosa. Likionyeshwa katika habari za Oktoba ni kosa.
- Mikopo uliyodhamini. Mdhamini husahau siku ileile aliyotia sahihi, ilhali karatasi haisahau.

Kama deni si lako, au ulikwisha kulilipa

Hapa watu hukosea mlango. Huenda moja kwa moja kuishutumu kampuni ya ripoti, na kampuni huwajibu kwamba imeandika ilicholetewa. Mlango wa kwanza ni wa yule aliyeipeleka habari, yaani mkopeshaji, na nakala ndiyo hupelekwa kwa kampuni ili ijue kwamba habari ile ina ubishi. Barua yako iwe fupi, isiyo na matusi wala masimulizi marefu, mathalani hivi:

> *Kwa Meneja wa Mikopo. Yah: Deni lililoandikwa kwa jina langu, mkopo namba (andika namba). Mimi, mwenye namba ya NIDA (andika namba), nimeiona ripoti yangu ya mikopo ya tarehe (andika tarehe), ambamo taasisi yako imeonyesha kwamba ninadaiwa shilingi (andika kiasi). Sikubaliani na maandishi hayo, kwa kuwa deni hilo nililimaliza tarehe (andika tarehe), kama inavyothibitishwa na stakabadhi niliyoiambatisha. Naomba uchunguze jambo hili, unipe taarifa kamili ya malipo ya mkopo huo, na upeleke masahihisho kwenye kanzidata ya Benki Kuu na kwa kampuni za taarifa za mikopo. Naomba jibu kwa maandishi.*

Kama hukukopa kabisa, badili sentensi ya kutokubaliana useme kwamba hukuwahi kuomba mkopo huo, udai nakala ya mkataba na namba ya simu iliyopokea fedha, na uambatishe taarifa uliyoitoa polisi kuhusu kutumiwa kwa kitambulisho chako.

Peleka nakala mbili, na ile ya kubaki nayo igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Muhuri huo ni mdogo, lakini ndio utakaosema kwa niaba yako pale utakapoambiwa kwamba barua yako haikuonekana.

Jibu lisipokuja, au likija lisilo la haki, lipeleke lalamiko Benki Kuu. Kumbuka tu kwamba Benki Kuu itakuuliza kwanza kama ulimwendea mkopeshaji na alikujibu nini, kwa hiyo usiikimbilie ukiwa mikono mitupu. Tawi la kanda ya ziwa liko Mwanza, na safari ya huko imekuwa nyepesi tangu Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, wala hapana tena haja ya kungoja kivuko. Na kama malalamiko yako ni kwamba habari zako zimetangazwa au zimetumiwa bila idhini, mlango wako ni Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Kama deni ni lako kweli

Dawa ya deni ni kulipa, wala hatuna dawa nyingine ya kukuuzia. Walakini ziko njia za kulipa zinazomsaidia mdaiwa na ziko zinazommaliza, na tofauti yake huonekana zaidi kwa mchimbaji, ambaye mapato yake hayaji kwa mwezi kama mshahara. Duara laweza kukaa miezi likila dizeli, magogo na chakula cha watu pasipo kutoa kitu, kisha siku moja mawe yakasagwa na kuoshwa, na fedha ikapatikana kwa mkupuo. Mkataba wa kulipa kila mwezi sawasawa haukuwahi kumfaa mtu wa namna hii, na wengi walioandikwa wadaiwa sugu si wakaidi. Walitia sahihi ratiba isiyolingana na kazi yao.

Kwa hiyo nenda ukapatane, ukiwa na hesabu mkononi. Tuseme ulikopa shilingi 3,000,000 za pampu na mipira ya maji, ukalipa 1,800,000, kisha duara likajaa maji ukasimama. Deni la asili lililobaki ni 1,200,000. Mkopeshaji ameongeza riba ya 240,000 na adhabu ya 360,000, jumla 1,800,000. Pendekezo lenye insafu laweza kuwa hivi:

- Unaomba adhabu ya 360,000 isamehewe, nawe unakubali kulipa deni la asili na riba, yaani 1,440,000.
- Unalipa 240,000 siku ya kutia sahihi, ili kuonyesha kwamba hukuja kwa maneno matupu.
- Unalipa 100,000 kila mwezi kwa miezi sita, kiasi unachoweza kukipata hata kama duara halijatoa.
- Unalipa 600,000 zilizobaki siku mawe yatakapooshwa, na kwa vyovyote kabla mwezi wa sita haujaisha.

Mkopeshaji hana wajibu wa kukubali, lakini mwenye akili hupenda fedha inayokuja kuliko adhabu inayokua daftarini. Usiahidi zaidi ya uwezo wako ili upate kusifiwa siku hiyo; ahadi ya pili ikivunjika, ya tatu haisikilizwi.

Kabla ya kutoa hata shilingi moja, hakikisha mapatano hayo yameandikwa na kutiwa sahihi na mtu mwenye mamlaka, na kwamba yamo maneno haya: kiasi hicho kikilipwa chote, mkopo utafungwa, hakutabaki dai lolote, na habari ya kufungwa itapelekwa kwenye kanzidata. Bila ya sentensi hiyo, msamaha uliopewa kwa mdomo waweza kurudi mwakani kama deni jipya.

Siku ya kulipa, na siku zinazofuata

1. Lipa kwenye akaunti ya taasisi au kwa namba yake rasmi ya malipo. Kamwe usitume kwa simu binafsi ya afisa mikopo, hata akiwa jirani yako, kwa maana akihamishwa kesho fedha yako haina shahidi.
2. Chukua stakabadhi, uipige picha siku ileile. Karatasi za mashine hufifia wino upesi, hasa zikikaa mfukoni katika joto la machimbo.
3. Omba *barua ya kumaliza mkopo*. Stakabadhi ya malipo ya mwisho inaonyesha kwamba umelipa. Barua hii inaonyesha kwamba hudaiwi. Ni mambo mawili mbalimbali.
4. Dai dhamana yako irudishwe: hati ya kiwanja, kadi ya pikipiki, au chochote ulichokiweka rehani.
5. Ngoja mwezi mmoja au miwili, kisha omba ripoti mpya. Deni likiwa bado liko wazi, rudi kwa mkopeshaji na barua yako ya kumaliza mkopo, ukafuate njia tuliyoieleza juu.

Usitaraji kwamba historia yote itafutwa siku ya pili. Kinachobadilika kwanza ni hali ya mkopo, kutoka deni lililo wazi kuwa deni lililolipwa, na mbele ya mkopeshaji hizo ni habari mbili zilizo mbali sana.

Makosa yanayojirudia

- *Kubadili laini ili kumkimbia mdai.* Deni linabaki, na wewe unakosa ujumbe wa kukutahadharisha ambao ungekupa nafasi ya kupatana.
- *Kukopa kwingine ili kulipa kwa kwanza.* Mikopo mitatu ya siku thelathini inayofuatana humfanya mtu afanye kazi ya kulipa riba tu, na mwisho wake jina huchafuka mahali patatu badala ya mahali pamoja.
- *Kumpa fedha "mtu wa kufuta CRB".* Hapana wakala wala rafiki wa rafiki aliye Dar es Salaam mwenye uwezo wa kufuta deni la kweli. Akikuandikia kwa simu, upeleke ujumbe wake kwa namba 15040, ambayo ni ya kuripoti matapeli.
- *Kudhamini kwa haya.* Mwenzio akikuomba sahihi mbele ya watu, omba kwanza usome mkataba. Akishindwa kulipa, wewe ndiwe utakayeulizwa.
- *Kumwachia mwingine simu na namba ya siri.* Wake na waume wameandikwa kwa madeni waliyoyajua siku ya kudaiwa.

Wakopeshaji wa programu na vitisho vyao

Wasomaji wametuletea ujumbe waliopelekewa ndugu, wakwe na hata walimu wa watoto wao, ukiwatangaza kwamba ni wezi kwa sababu ya mkopo wa programu ya simu. Fahamu kwamba Benki Kuu ilitoa mwongozo kwa wakopeshaji wa kidijitali Agosti 2024, na mwezi Novemba mwaka huohuo ikatangaza programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila kibali. Basi fanya haya:

- Tazama kwanza kama mkopeshaji ana leseni. Orodha ya wenye leseni hutolewa na Benki Kuu.
- Hifadhi kila ujumbe wa matusi pamoja na tarehe na namba ulikotoka. Usiufute kwa hasira, maana ndio ithibati yako.
- Kabla ya kukopa, ikiwa programu inataka ruhusa ya kusoma majina yote yaliyo katika simu yako, iache. Hakuna haja ya halali inayomfanya mkopeshaji amjue mkweo.

Majibu kwa shaka zenu

*"Deni ni la zamani mno, je, halijafa?"* Sheria ya Ukomo inaweka miaka sita ya kufungua shauri la madai yatokanayo na mkataba, lakini kulipa sehemu ya deni au kulikiri kwa maandishi huweza kuianzisha hesabu upya. Na hata pale mdai asipoweza kukushitaki, benki unayoiomba mkopo leo haikulazimishwa kukuamini. Kwa deni dogo, ni nafuu kulilipa kuliko kulingoja life.

*"Ametishia kuniletea polisi."* Kudaiwa kwenyewe si jinai, ni shauri la madai. Mahakama ndiyo yenye uwezo wa kuamuru mali ikamatwe, na hata mdaiwa mkaidi kuwekwa gerezani kama mfungwa wa madai, lakini hayo huja baada ya hukumu na utaratibu wake, si kwa simu ya usiku. Jambo hugeuka kuwa jinai pale ulipokopa kwa hati za kughushi au jina la mwingine.

*"Kule Kenya watu walisamehewa nusu, mbona sisi hatusamehewi?"* Ni kweli kwamba mwishoni mwa 2022 Benki Kuu ya Kenya ilianzisha mpango wa kuwapunguzia wadaiwa wa mikopo midogo ya simu angalau nusu ya madeni yao. Ulikuwa mpango wa Kenya, na ulikuwa na muda wake ukaisha. Usikae ukingoja wa mfano huo huku riba yako ikipanda. Msamaha wako utaupata mezani kwa mkopeshaji wako, kwa kuuomba.

*"Mimi sina karatasi yoyote, nitathibitishaje?"* Omba taarifa ya akaunti kutoka benki, au taarifa ya miamala kutoka mtandao wa simu. Malipo yaliyopita kwenye mfumo huacha alama. Yaliyopita mkono kwa mkono ndiyo yasiyo na mwenyewe.

Kujenga jina upya

Jina lililosafishwa bila kujengwa ni jina tupu, na benki haina la kulisoma. Kwa mchimbaji mdogo wa Rwamgasa, mambo manne yana thamani zaidi ya wadhamini kumi:

1. *Uza dhahabu yako kwa njia rasmi.* Soko la madini la Geita lilifunguliwa Machi 2019, na mauzo yanayofanywa katika masoko na vituo rasmi huandikwa na kutolewa hati. Broka wa porini huenda akakulipa upesi, lakini hakuachii kitu cha kumwonyesha afisa mikopo. Hati za mauzo za mwaka mmoja ndizo zitakazomthibitishia kwamba kweli una mapato, hata kama hayaji kila mwezi.
2. *Iweke leseni yako hai.* Leseni ndogo ya uchimbaji hudumu miaka saba, na ada zake za kila mwaka zisipolipwa yaweza kufutwa. Benki haikopeshi juu ya leseni yenye madeni.
3. *Pitisha fedha kwenye akaunti.* Hata kama zitatoka kesho kununua dizeli, zipite kwanza.
4. *Anza na mkopo mdogo unaoumudu, uulipe kabla ya siku yake.* Mkopo mmoja mdogo uliolipwa vizuri baada ya doa husema zaidi katika ripoti kuliko maelezo marefu utakayoyatoa wewe.

Mwisho, nunua faili moja la plastiki la bei ya daftari, uweke ndani yake mikataba, stakabadhi, barua ya kumaliza mkopo, hati za mauzo ya dhahabu na nakala ya ripoti yako, kisha ulikabidhi kwa mtu wa nyumbani unayemwamini, mbali na duara na mbali na maji. Kila mwaka, kabla ya kukopa wala si baada ya kukataliwa, iombe ripoti yako uisome. Na ukiona kosa, anza barua siku hiyohiyo.